Dhamana ya Maisha, Maisha ya Nani?

Nimesoma vitabu vibaya vya kutosha, na vingine nimevihakiki hapa hapa, lakini maandishi yaliyonikasirisha kuliko yote mwaka huu hayafiki kurasa mbili. Hayana jina la mwandishi. Yana wahusika wawili tu, "Kampuni" na "Mmiliki wa Kwanza", na mwisho wake unaujua kabla hujafika katikati. Ni dhamana ya magurudumu ya kaboni ya baiskeli ya milimani, ile ambayo mtaani tunaiita waranti.

Najua wapo watakaosema ukumbi wa fasihi si mahali pa kuzungumzia rimu na spoki. Haya, wacha waseme. Mimi nadhani kama kazi yetu ni kusoma maneno na kuuliza yanafanya nini, basi tumekuwa wavivu. Tunaweza kubishana wiki nzima kuhusu mshororo mmoja wa shairi, kisha tunatia saini mikataba bila kuisoma. Riwaya ikikudanganya umepoteza jioni tatu. Dhamana ikikudanganya umepoteza mshahara.

Wangu niliupoteza hivi. Jamaa mmoja niliyekuwa nikiendesha naye baiskeli Karura na Ngong alikuwa anarudi kwao Ulaya, akawa anauza vitu vyake. Nikanunua magurudumu yake, ya inchi 29, kwa shilingi 75,000. Dukani nisingeyagusa: jozi mpya ya aina hiyo mara nyingi hupita dola 1,000, na zipo zinazopita 2,000. Alipokuwa ananikabidhi akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Wala usiwe na wasiwasi, yana dhamana ya maisha." Nami nikaondoa wasiwasi.

Mwezi wa nane, nikiteremka Ngong upande wenye mawe, gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa jiwe. Nilisikia "tak!" moja kavu, tairi likaisha upepo. Jioni fundi wangu wa Kawangware akalitoa lile tairi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, kisha akachukua sarafu ya shilingi ishirini akawa anagonga polepole akizunguka. Kote sauti ilikuwa kali, isipokuwa mahali pamoja penye upana wa vidole vinne, ambapo ilikuwa butu kama unagonga boga lililooza. Ajabu ni kwamba gurudumu lenyewe lilikuwa bado limenyooka. Ukilizungusha, halikuyumba hata kidogo.

"Bosi," fundi akasema, "hii imekufa. Ni vile tu haijazikwa."

Nikaiandikia kampuni. Walijibu siku ya pili, kwa lugha ya heshima, wakanipa pole, wakanishukuru kwa kuichagua bidhaa yao, wakanijulisha kwamba dhamana inamhusu mmiliki wa kwanza peke yake. Wangeniuzia rimu nyingine kwa punguzo, na usafirishaji ungekuwa juu yangu. Nikamwandikia jamaa yangu wa Ulaya. Akajibu palepale: "Rahisi tu. Nitumie picha, nitajaza fomu kana kwamba bado ni yangu." Fomu ilikuwa na swali la ndiyo au hapana: je, wewe ndiwe mmiliki wa kwanza?

Nilikaa na zile picha kwenye simu siku tatu. Mwishowe sikuzituma. Sijisifu. Kweli moyo ulinisuta, maana ahadi ile ingenifikia kwa njia moja tu, nayo ni uongo wa mtu mwingine. Lakini pia nilipiga hesabu: rimu ingepelekwa kwake, na kuileta Nairobi pamoja na ushuru kungekula sehemu kubwa ya faida. Uadilifu na ubahili vilikutana, nikaachwa na rimu iliyopasuka na swali. Ile "maisha" niliyoambiwa ilikuwa maisha ya nani?

Turudi kwenye lugha yetu kidogo. Kiswahili kikisema "kifungo cha maisha" hakuna anayeuliza maisha ya nani. Ni ya mfungwa. Ukisema "bima ya maisha", unajua ni nani akifa ndipo pesa zitoke. "Rafiki wa maisha" ni maisha yako na yake. Katika mazoea yetu, maisha yakitajwa hivyo huwa ni ya mtu, na mara nyingi ni ya yule anayeambiwa. Ndiyo maana jamaa aliponiambia "dhamana ya maisha", nilisikia: mpaka utakapochoka kuendesha baiskeli. Kumbe kwenye karatasi maana yake ilikuwa: mpaka mnunuzi wa kwanza aiuze. Katika dhamana nyingine maana yake ni maisha ya bidhaa, na hapo sentensi inajizunguka kama mbwa anayefukuza mkia. Rimu ina dhamana kwa muda wote ambao rimu inaishi, na ikipasuka si ndiyo imemaliza maisha yake?

Wamarekani, ambao ndio mabingwa wa tangazo la aina hii, waliliona tatizo hilo zamani. Sheria yao ya dhamana ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inataka dhamana iliyoandikwa iwe kwa lugha nyepesi, na ijitaje waziwazi kama ni kamili au ni yenye mipaka. Mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho nao unasema tangazo likitumia neno "maisha", lieleze ni maisha gani yanayosemwa. Unatoa hata mfano wa ekzosi: kama imedhaminiwa kwa maisha ya gari lililofungwa ekzosi hiyo, basi sema ni maisha ya gari. Yaani maofisa wa serikali walifanya kazi ya mhakiki. Waliona neno lenye maana mbili, wakauliza ni ipi.

Kampuni zikafanyaje? Zikaandika jibu, ila chini, kwa herufi ndogo. Juu kuna neno "maisha" lililokolezwa wino, chini kuna sentensi ndefu inayolikana. Dhamana ya rimu yangu inajiita, ukiitia Kiswahili, "Dhamana ya Maisha Yenye Mipaka". Hebu msome tena jina hilo. Sarufi yetu imelifichua bila kukusudia. "Yenye" inaafikiana na dhamana, na vilevile inaafikiana na maisha. Kenye mipaka ni kipi? Kwa Kiswahili huwezi kujua, na kwa uzoefu wangu jibu ni vyote viwili.

Sasa kuhusu uimara wenyewe, maana hapa ndipo udanganyifu unapokaa. Dhamana ya maisha inatangazwa kana kwamba ni kipimo cha nguvu ya rimu. Mhakiki anaandika: rimu hizi zina dhamana ya maisha, kwa hiyo zinadumu. Hilo "kwa hiyo" halina miguu.

Rimu ya kaboni ni tabaka za nyuzi nyembamba zilizoloweshwa gundi ya epoksi, zikapangwa kwenye kalibu kwa pembe tofauti tofauti, kisha zikapikwa kwa joto na shinikizo mpaka gundi igande. Ikiisha kuganda haiyeyuki tena. Ikitengenezwa vizuri ni kitu cha ajabu: nyepesi, ngumu, na haichoki upesi kwa mitikisiko ya kila siku. Rimu nzuri ambayo haijapata pigo baya inaweza kukaa imenyooka miaka mingi kuliko ya alumini. Hilo nalikubali bila kinyongo. Nimeyaendesha magurudumu yale miezi minane na nilikuwa nayapenda.

Lakini alumini na kaboni hazifi kifo kimoja. Alumini ikigongwa hubonyea. Unaona kasoro kwa macho, fundi anaushika ukingo kwa spana na kuurudisha, anakaza spoki hii na kulegeza ile, unaenda nyumbani na gurudumu lenye kovu. Kaboni haibonyei. Inavumilia, inavumilia, halafu inapasuka. Wakati mwingine tabaka huachana ndani kwa ndani huku nje rangi ikiwa safi, ndiyo sababu fundi anagonga kwa sarafu na kutega sikio. Na chanzo kikubwa ni cha kawaida kabisa: upepo mdogo kwenye tairi, jiwe lenye ncha, mpira unabanwa kati ya jiwe na ukingo, na ukingo ndio unaolipa. Kwa hiyo rimu ileile itadumu miaka kwa mtu mmoja na wiki tatu kwa mwenzake. Inategemea uzito wako, njia zako, pampu yako, na unene wa ule ukingo.

Kuna watengenezaji waliolijibu swali la uimara kwa uhandisi. Wapo walionenepesha ukingo wa rimu na kuondoa kile kikulabu cha kushikia tairi ili pasiwe na sehemu nyembamba ya kupasuka. Zipp mwaka 2019 walileta rimu ya 3Zero Moto yenye ukuta mmoja badala ya mbili, ili iweze kujipinda kidogo jiwe linapogonga. Hayo ni majibu yanayoweza kupimwa, kubishaniwa, kusifiwa au kukosolewa. Hao Zipp nao waliiuza kwa dhamana ya maisha, kama Santa Cruz walivyofanya na rimu zao za Reserve, na tangu hapo neno hilo limekuwa kama chumvi, kila chungu limo. Matokeo yake mnunuzi hana tena jinsi ya kutofautisha. Aliyefanya kazi ya ukingo na aliyefanya kazi ya maneno wote wamevaa kanzu moja.

Ukweli ni kwamba dhamana haikuambii kitu kitadumu kiasi gani. Inakuambia nani atalipa kikivunjika, na kwa masharti yapi. Kampuni inaweza kutoa dhamana ya maisha kwa rimu dhaifu, mradi bei imebeba gharama ya wachache watakaorudi kudai. Na watakaorudi huwa wachache kuliko waliopasukiwa. Mmoja amepoteza risiti, mwingine hakujisajili kwa wakati, mwingine aliuza, mwingine anaishi mbali na wakala kiasi kwamba nauli ya rimu inamkatisha tamaa.

Nawasikia watetezi. Wanasema: zipo kampuni zinazobadilisha rimu bila maswali, hata kama uliivunja kwa uzembe wako mwenyewe. Ni kweli zipo, na waendeshaji wengi wameletewa rimu mpya ndani ya siku chache. Heko kwao. Wanasema pia: kampuni haiwezi kumdhamini mnunuzi wa pili, kwa sababu haijui rimu ilipitia nini mikononi mwa wa kwanza.

Hoja hiyo ya pili ndiyo inayonitoa povu, kwa sababu inaliwa na ile ya kwanza. Kama mmiliki wa kwanza anaweza kugonga jiwe leo, kugonga lingine kesho, na keshokutwa akapewa rimu mpya bila maswali, basi historia ya rimu haikuwa na maana tangu mwanzo. Hakuna aliyeiuliza. Inapata maana ghafla siku inapobadilisha mikono. Rimu ni ileile, nambari iliyochapwa juu yake ni ileile, jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni jina la mtu. Basi waseme hivyo: tunamdhamini mteja mmoja ili arudi kununua kwetu, na rimu inapomtoka, deni letu limekwisha. Ningeiheshimu sentensi hiyo. Haina mvuto kwenye tangazo, lakini ni ya kweli.

Hata kwa yule wa kwanza, ahadi ina matundu ambayo hayaonekani mpaka uingize mguu. Rimu yako ya miaka sita haitengenezwi tena, hivyo unapewa "inayofanana". Inayofanana inaweza kuwa na kipenyo cha ndani tofauti kwa milimita chache, na milimita hizo zinatosha kufanya spoki zako zote, 28 au 32, zisifae. Spoki mpya nani ananunua? Kazi ya kuzifunga nani analipa? Dhamana nyingi hugharamia rimu peke yake. Huku kwetu, ambako spoki ya urefu kamili unaweza kuitafuta mji mzima usiipate, rimu ya bure ni zawadi ya ng'ombe kwa mtu asiye na malisho.

Na iliyopasuka inaenda wapi? Rimu ya alumini ikifa Nairobi, haikai wiki kabla ya mtu wa vyuma chakavu kuipitia. Itayeyushwa na watu wa jua kali, na huenda kesho ukanunua sufuria iliyowahi kuteremka Ngong. Ya kaboni haiyeyuki, haichongeki ikawa kitu kingine, na hakuna anayeiokota. Kila rimu inayobadilishwa "bila maswali" inaacha maiti mahali fulani. Kitu kinachobadilishwa mara tatu hakijadumu. Kimekufa mara tatu, na mteja ametabasamu mara tatu.

Lawama nyingine naielekeza kwa wahakiki, ndugu zangu wa kalamu. Wahakiki wa baiskeli wana kosa ambalo sisi wa vitabu tunalijua vizuri: kuhakiki jalada. Gurudumu linaletwa bure, linaendeshwa wiki mbili au miezi miwili, kisha linaandikiwa sifa za miaka. Chini ya kichwa "Uimara" unakuta aya moja, na aya hiyo inanakili dhamana. Kama mimi ningehakiki riwaya ya kurasa 400 kwa kusoma sura moja na maneno ya mchapishaji nyuma ya kitabu, mngenifukuza humu, na mngefanya haki. Anayetaka kuandika kuhusu uimara asubiri miaka miwili, au aseme wazi kwamba hajui. Na kama atataja dhamana, aisome yote, aieleze kwa lugha ya nyumbani: inamhusu nani, inafika nchi gani, nani analipa nauli, nani anaamua. Hilo la mwisho mara nyingi limo katika aya ya mwisho kabisa, nalo husema uamuzi ni wa kampuni peke yake.

Ninataka nini basi? Mambo matatu, wala si makubwa. Neno "maisha" lisisimame peke yake. Liandikwe na mwenyewe, katika sentensi ileile, kwa herufi zilezile. Dhamana ifuate rimu, kwa kuwa nambari ipo tayari, na kama hilo haliwezekani kwa maisha yote, basi iwe miaka mitano au kumi iliyo ya kweli kwa yeyote aliyeishika. Na vipimo vya kila rimu viendelee kupatikana hata ikiacha kutengenezwa, ili fundi asiye na wakala aweze kuiokoa.

Kwako wewe unayetaka kununua za mkono wa pili, shauri langu ni fupi. Gonga kwa sarafu, toa tepu ya ndani uangalie matundu ya spoki, jaza upepo kila unapotoka, na bei ilinganishe na gurudumu lisilo na dhamana yoyote, kwa sababu ndilo unalonunua.

Kule River Road kuna maduka yenye kibao ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tumezoea kukicheka. Sheria yenyewe haikikubali kila mara, maana muuzaji hawezi kukwepa wajibu wa kuuza kitu kinachofaa kwa kutundika kibao tu. Lakini kama maandishi, nakipa alama nyingi kuliko dhamana yangu ya kurasa mbili. Maneno matatu, hakuna herufi ndogo, na unakisoma kabla hujatoa pesa.

Magurudumu nimeyafufua. Fundi alichukua habu ileile ya nyuma, akaifungia rimu ya alumini yenye matundu sawa na spoki mpya, tukasumbuka wiki nzima kuzitafuta. Ni nzito zaidi, na nikipanda naisikia. Alipomaliza akaizungusha, akafumba jicho moja kuangalia kama inayumba, akasema, "Ikiyumba ndani ya miezi mitatu, niletee."

Nikamuuliza, nusu kwa utani, "Na nikiiuza kabla ya hapo?"

Akaniangalia kama niliyeuliza kitu cha ajabu. "Si umwambie huyo mtu aje? Kwani ni nani ameifunga, si ni mimi?"